Bendera ya Njano Mkononi mwa Baba

Kila alasiri, masomo yalipokwisha, Cheche alipitia saluni ya baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Baba alikuwa kinyozi. Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kirefu, na televisheni ndogo iliyofungwa juu ukutani, pale ambapo mteja anayenyolewa haruhusiwi kugeuza shingo kuitazama.

Mara nyingi, Cheche akiwa bado mwanzo wa barabara, karibu na duka la dawa, sauti ya baba ilimfikia kutoka mlangoni mwa saluni, mbali kabisa:

"Kamba!"

Akitazama chini, kweli, kamba ya kiatu ilikuwa imefunguka. Aliinama akaifunga huku akicheka. Kwa vitu vya mbali, macho ya baba yalikuwa macho ya kipanga. Kwa vya karibu, mambo yalikuwa mengine. Bila miwani hakuweza kusoma hata maandishi ya kwenye chupa ya spiriti. Miwani hiyo ilikaa juu ya paji la uso siku nzima, ikashuka puani pale tu alipochonga ukingo wa nywele.

"Nikiisahau nyumbani," aliwatania wateja, "naweza kukunyoa nyusi nikidhani ni ndevu." Nao walitulia kitini kama maji mtungini.

Siku hiyo televisheni ilikuwa ikirudia mechi kubwa ya jana yake, na saluni ilikuwa inawaka moto. Fundi baiskeli, mtu mwenye sauti iliyomshinda hata mwenyewe, alikuwa amesimama huku shuka la kunyolea likimning'inia shingoni.

"Penalti gani ile? Mwamuzi kalishwa yule! Tena kashiba!"

Cheche, aliyekuwa akifagia nywele sakafuni, hakutaka kupitwa. "Hata kipofu angeona haikuwa penalti!"

Watu wote walicheka. Baba peke yake hakucheka. Aliuliza taratibu, "Wewe ulikuwa umesimama wapi, mwanangu?"

"Hapahapa, saluni."

"Yeye alikuwa wapi?"

"Uwanjani."

"Haya. Fagia na kule chini ya kiti."

"Ah, nyinyi waamuzi mnalindana!" fundi baiskeli akapiga kelele, na baba akambonyeza begani ili aketi. Ni kweli kwamba baba alikuwa mwamuzi, ingawa si wa mpira. Kwa miaka mingi alijitolea kusimamia riadha za shule, na nyuma ya mlango wa saluni ilitundikwa fulana yake nyeupe pamoja na bendera mbili ndogo, moja nyeupe na moja ya njano. Nyeupe maana yake hakuna kosa. Ya njano maana yake kuna kosa.

Cheche naye alikuwa mkimbiaji. Wasichana wanne wa shule yao walikuwa wameingia fainali ya mbio za kupokezana vijiti, na timu itakayoshinda ingekwenda mashindano ya taifa. Msichana wa tatu alikuwa rafiki yake mkubwa, Twiga, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya miguu isiyokuwa na mwisho. Cheche alikuwa wa nne, wa kumalizia. Kwa Cheche kulikuwa na mwakani. Kwa Twiga hakukuwa na mwakani, kwa kuwa alikuwa anamaliza darasa la mwisho. "Nikifika taifa hata mara moja," alikuwa akisema, "walimu wa shule za michezo wataniona. Nisipofika, nitabaki kukimbilia kengele tu."

Katika mbio hizo, kijiti lazima kipokewe ndani ya eneo lililochorwa kwa chokaa. Kikipita mstari wa mwisho kabla hakijashikwa, timu nzima inatolewa. Kwa hiyo kila mpokeaji hujiwekea alama nyuma ya eneo lake. Mwenzake anayekuja akifika kwenye alama ile, yeye huanza kukimbia bila kugeuka, akinyoosha mkono nyuma. Alama ya Cheche ilikuwa kipande cha tofali jekundu. Alikiweka kwa kupima nyayo kutoka mstari wa mwanzo wa eneo, kisigino kwa kidole, kisigino kwa kidole, mpaka zifike ishirini. Walifanya mazoezi pekupeku, jioni baada ya jioni, na Twiga alipopaza sauti "Shika!" kijiti kilitua kiganjani kama kilikuwa kinakaa hapo siku zote.

Ijumaa, siku moja kabla ya fainali, baba alimkabidhi mfuko wa plastiki bila kusema neno. Ndani mlikuwa na viatu vya mbio vyenye meno chini, vya mtumba lakini vimesuguliwa mpaka vikang'aa.

"Baba!"

"Vimezidi kidogo. Mguu unakua, viatu havikui. Jaza pamba kule mbele, mwakani vitakukaa vyenyewe."

Cheche alimrukia shingoni mpaka miwani ikaanguka.

*

Jumamosi kiwanja kilijaa. Asubuhi ile mwamuzi wa kituo cha tatu, pale mkimbiaji wa tatu anapompa wa nne kijiti, alikuwa ameamka na homa kali, na baba akaambiwa ashike nafasi yake. Cheche alimwona akizungumza na mwamuzi mkuu, akitikisa kichwa, akimnyooshea kidole yeye Cheche. Mwamuzi mkuu naye alitikisa kichwa, akampigapiga begani na kuondoka. Baba akaenda kusimama mwisho wa eneo la kupokezana, palepale kwenye mstari wa chokaa, bendera zote mbili mkononi.

Cheche alifurahi. Alipima alama yake akiwa na viatu vyake vipya, kisigino kwa kidole, akaweka tofali, akampungia baba mkono. Baba hakumjibu. Uso wake ulikuwa mkavu kama ukuta.

Filimbi ililia. Msichana wa kwanza alitoka vizuri, wa pili akapoteza kidogo, na Twiga akakifukuza kile kilichopotea. Twiga alipofika kwenye tofali, Cheche aliondoka. Alisikia, "Shika!" akanyoosha mkono, mkono ukashika hewa. Akasikia tena, "Shika, shika!" na mara hii kijiti kikaingia. Hakufikiri kitu kingine. Alikimbia. Meno ya viatu yaling'ata ardhi, msichana aliyekuwa mbele akawa kando, kisha akawa nyuma, na utepe ukamkatikia kifuani.

Wa kwanza! Wenzake walikuja wakianguka juu yake. Mwalimu wa michezo, kijana mwembamba aliyewafundisha kwa moyo wote, alikuwa akiruka kama mtoto. Cheche alijinasua, akageuka kumtafuta baba yake ili amwone akicheka.

Baba alikuwa amesimama palepale mstarini. Mkono wake mmoja ulikuwa juu, na kwenye mkono huo ilikuwa bendera ya njano.

Mwanzoni Cheche alidhani ni ya timu nyingine. Kisha kipaza sauti kikakoroma, kikataja njia yao. Kijiti kimepokewa nje ya eneo. Timu imeondolewa. Washindi ni timu iliyomaliza ya pili.

Kelele zilizofuata zilikuwa kelele za saluni, ila mara elfu. "Kalishwa huyo!" "Kipofu!" "Mwamuzi gani anamwangamiza mwanawe?" Kati ya sauti zote Cheche aliitambua moja, ya fundi baiskeli. Baba aliishusha bendera, akaikunja, akabaki palepale. Hakumtazama Cheche.

Twiga alikuwa amekaa chini katikati ya njia, kijiti kikiwa mapajani. Alipomwona Cheche akija alisema polepole, kwa sauti ambayo Cheche hakuwahi kuisikia, "Kikulacho ki nguoni mwako. Ndivyo wanavyosema, sivyo?"

*

Katika chumba cha kubadilishia nguo, Mwalimu alifunga mlango.

"Tunakata rufaa," alisema. "Kamati inakaa Jumatatu. Lakini lazima tuwe na sababu. Video za simu za watu nimezitazama zote. Moja inaonyesha mgongo wa mtu mwenye kofia, nyingine inaonyesha mwavuli. Kuna mtu ana chochote? Chochote kile?"

Wasichana walitikisa vichwa. Wote walimtazama Cheche. Yeye alikuwa akivivua viatu, akizivuta kamba kwa nguvu. Baba alikuwa amemletea viatu hivi Ijumaa. Jumamosi akamnyang'anya ushindi. Ni heri asingevileta.

"Baba anavaa miwani," alisema.

Mwalimu aligeuka. "Nini?"

"Bila miwani haoni hata herufi. Kazini haiachi hata dakika moja. Leo hakuwa nayo."

Twiga akamkumbatia kwa nguvu. "Nilijua hutatuacha," alimnong'oneza. Macho ya Mwalimu yaling'aa, akaanza kuandika. Cheche alisikia joto zuri la kukubaliwa na wenzake. Chini ya joto hilo alisikia kitu kingine, kizito, kama mtu aliyemeza kokwa.

Nyumbani, jioni, walikula kimya. Mama alikuwa muuguzi, na alirudi kutoka zamu bila kujua lolote.

"Kulikoni? Mbona nyumba nzima imenuna? Hata kuku wa jirani wana furaha kuliko nyinyi."

"Muulize baba," alisema Cheche.

Baba aliweka kijiko chini. "Kijiti kilipita mstari, mama Cheche. Nikainua bendera."

"Ungeweza kutazama pembeni!" Cheche alilipuka. "Mara moja tu! Baba za wenzangu wanawatetea hata wakikosea. Mimi baba yangu ndiye aliyenitoa, mbele ya watu wote! Twiga hana mwakani, unajua? Hana!"

"Najua."

"Unajua, na ukainua?"

Baba aliisogeza sahani yake kando. "Wale watoto wa timu nyingine," alisema, "baba zao hawakuwa mstarini. Walikuwa na mimi tu."

"Basi nenda ukawe baba yao!"

"Weee!" mama alikaripia. "Ulimi huo!" Lakini Cheche alikuwa ameshakwenda chumbani kwake, akavisukumiza viatu chini ya kitanda mpaka vikagonga ukuta.

*

Jumapili hakwenda saluni. Alisikia kutoka kwa wengine kwamba viti vyote viwili vilikuwa vitupu karibu siku nzima, na kwamba fundi baiskeli alipita mlangoni akauliza kwa sauti, "Leo unanyoa kwa bendera ipi?"

Badala yake alikwenda kiwanjani, pekupeku, akiwa na hasira iliyomfanya atembee haraka. Alitaka kupata ushahidi wa kuipelekea kamati. Chokaa ilikuwa bado inaonekana. Hata kipande chake cha tofali kilikuwa palepale, hakuna aliyekigusa.

Alianza kupima kutoka kwenye mstari uleule wa mwanzo. Kisigino kwa kidole, kisigino kwa kidole, mpaka ishirini. Alipotazama chini, tofali halikuwa mguuni pake. Lilikuwa mbele, kiasi cha hatua nzima.

"Nimekosea," alisema kwa sauti. Akarudi, akapima tena, safari hii polepole, akibana visigino. Tofali lilikuwa bado mbele.

Alisimama akilitazama mpaka jua likaanza kumchoma utosini. Kisha aliliokota, akarudi nyumbani mbio, akaingia chini ya kitanda, akatoa kiatu kimoja, akauweka mguu wake mtupu kando yake. Kiatu kilizidi mguu kwa vidole viwili na kidogo. Vidole viwili, mara ishirini.

Aliketi sakafuni. Sasa aliukumbuka ule mkono ulioshika hewa. Alikumbuka "Shika" ya kwanza, na ya pili. Tofali lilikuwa limewekwa mbali mno, kwa hiyo yeye aliondoka mapema mno, na Twiga akalazimika kumfukuza mpaka akampata. Wapi? Mpaka jana jibu lilikuwa la baba peke yake. Sasa lilikuwa lake pia.

Jumatatu asubuhi alimvuta Twiga nyuma ya maktaba ya shule, akamweleza yote. Twiga alisikiliza bila kupepesa.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza."

"Twiga—"

"Nani kakuuliza habari za nyayo? Watakuuliza habari za miwani. Baba yako anavaa, havai?"

"Anavaa."

"Umesema uongo, basi?" Macho ya Twiga yalijaa machozi. "Cheche, wewe una mwakani."

*

Kamati ya rufaa ilikaa katika chumba cha walimu cha shule ambayo haikuwa na timu fainali. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu wa shule hiyo, mama mnene mwenye sauti ya chini. Upande mmoja waliketi Mwalimu wa michezo, Cheche na Twiga. Upande wa pili, peke yake, aliketi baba, amevaa shati lake la harusi na mikono yake juu ya magoti.

"Kwanza," mwenyekiti alimwambia baba, "kwa nini ulikubali kusimamia mbio za mwanao?"

"Nilikataa, mama. Mwamuzi mkuu akaniambia hana mtu mwingine."

"Ni kweli," alisema mwamuzi mkuu kutoka mlangoni. "Kosa hilo ni langu."

Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa, kisha akaisoma rufaa kwa sauti. Alipofika mahali palipoandikwa, "mwamuzi huyu haoni bila miwani, kama alivyothibitisha binti yake mwenyewe," alisita kidogo. Baba aligeuza kichwa, akamtazama Cheche.

Haukuwa mtazamo wa hasira. Hasira Cheche angeiweza. Baba alimtazama kama mtu aliyefika nyumbani kwake akakuta kitasa kimebadilishwa. Cheche aliinamisha uso. Tangu Jumamosi alikuwa akijiona yeye ndiye aliyesalitiwa, na kumbe usaliti huu mwingine ulikuwa umetoka kinywani mwake mwenyewe.

"Je, unavaa miwani?" mwenyekiti aliuliza.

"Navaa." Baba aliitoa mfukoni, akaiweka mezani.

"Jumamosi ulikuwa nayo?"

"Sikuwa nayo."

Mwalimu alivuta pumzi. Twiga aliubana mkono wa Cheche chini ya meza.

"Una la kusema?"

Sauti ya baba ilikuwa shwari. "Mama mwenyekiti, mimi nikijitetea, mtasema ni lazima nijitetee. Anayeijua miwani yangu kuliko watu wote ni huyu binti. Alichowaambieni ni kweli. Kama kuna kilichobaki, muulizeni yeye. Nitakubali atakachosema."

Chumba kizima kiligeuka. Cheche aliona kwamba akisema tu "hakuna kilichobaki," mambo yangekwisha. Twiga angekwenda taifa. Hakuna ambaye angeweza kumwita mwongo. Na baba angerudi saluni, akavitazama viti vitupu, wala asingemgombeza.

Alisimama.

"Kuna kilichobaki," alisema. "Miwani ni ya karibu. Ya kusomea, na ya kunyolea. Kitu kikipita urefu wa mkono, baba haihitaji. Nikiwa kule mwanzo wa barabara, kwenye duka la dawa, ananiona kamba ya kiatu imefunguka. Kila siku ananiona. Nilijua hilo nilipomwambia Mwalimu. Nilisema nusu nikaficha nusu."

Twiga aliuachia mkono wake.

Cheche aliinama chini ya kiti, akatoa mkobani mwake kiatu cha mbio na kile kipande cha tofali, akaviweka mezani kando ya miwani. Akavua kiatu cha shule na soksi, akauweka mguu wake sakafuni karibu na kiatu cha mbio ili wote waone. Akaeleza kuhusu nyayo, na pamba, na mkono ulioshika hewa. Alieleza vibaya, akirudiarudia, akifuta pua kwa mkono wa sare, lakini wote walimwelewa.

Mwenyekiti alikiinua kiatu, akakirudisha. "Na wewe, binti?" alimwuliza Twiga. "Wewe ndiye uliyekishika kijiti. Ulionaje?"

Twiga alitazama dirishani.

"Nilikimbia zaidi ya siku zote," alisema mwishowe. "Nilipokitoa, mstari ulikuwa tayari nyuma yangu. Niliuona." Kisha akainuka, akatoka nje mbio, na miguu yake mirefu ikasikika ikikimbia kwenye ukumbi mpaka mwisho.

Rufaa ilikataliwa. Mwalimu wa michezo alisimama mbele ya baba, akiinamisha macho. "Nisamehe, mzee. Niliomba chochote, nikapewa chochote. Sikuuliza mara ya pili kwa sababu sikutaka kujua."

Baba alimpa mkono. "Njoo unyolewe," alisema. "Nitavaa miwani."

*

Walirudi kwa miguu, baba mbele, Cheche nyuma kidogo. Walipofika saluni baba alifungua mlango, akachukua mashine ya kunyolea na kuanza kuisafisha, ingawa ilikuwa safi. Cheche alichukua ufagio, ingawa hapakuwa na nywele.

"Baba."

"Naam."

"Uliniona? Jumamosi, wakati unainua?"

"Nilikuona. Ndiyo maana mkono ulikuwa mzito kama gunia." Alipuliza meno ya mashine. "Lakini nilikiona na kijiti. Keti."

Cheche aliketi kwenye kiti cha mteja, na baba akaegemea kioo.

"Sikiliza, mwanangu. Bendera haina mtoto. Siku nitakayoipa mtoto, itakuwa kitambaa tu cha kufutia vumbi. Mimi naweza kukosea. Kila mwamuzi hukosea, hata wale wa kwenye televisheni, na akikosea aambiwe, ndiyo maana kuna rufaa. Kukata rufaa si kosa. Lakini rufaa huendi nayo na nusu ya ukweli. Nusu ya ukweli ni mbaya kuliko uongo, kwa sababu uongo mtu huweza kuukamata, lakini nusu ya ukweli hupita mlangoni imevaa nguo safi."

"Nilikuumiza."

"Uliniumiza. Nami nilikuumiza. Tofauti ni kwamba mimi sikuwa na la kubadilisha, wewe ulikuwa nalo, na umelibadilisha, tena mbele ya watu. Watu wazima wengi hawaliwezi hilo." Aliirudisha mashine mahali pake. "Na kuhusu viatu, kosa ni langu. Nilinunua vya mwakani nikakupa leo."

Cheche alicheka na kulia kwa pamoja, na ilikuwa aibu, lakini hapakuwa na mteja.

Twiga hakuzungumza naye kwa muda. Alipita kando yake kama mtu anayepita mti. Cheche hakumlaumu, ingawa iliuma kila siku upya. Kisha tangazo likabandikwa kwamba timu itakayokwenda taifa inahitaji wakimbiaji wawili wa akiba, na majaribio yako wazi kwa wasichana wote. Siku ya majaribio, Cheche alipokuwa akinyoosha miguu yake, kivuli kirefu kilisimama mbele yake.

"Nisaidie kupima alama," alisema Twiga, akitazama pembeni. "Mimi nikipima peke yangu nitatetemeka."

"Vua viatu, basi."

"Najua, bwana. Nani hajui? Mji mzima unajua habari za viatu vyako."

Twiga alichaguliwa. Cheche hakuchaguliwa, alikuwa wa nne. Alishangilia mpaka sauti ikakauka.

Wiki iliyofuata, viti vya saluni vilikuwa vimejaa tena. Televisheni ilikuwa ikionyesha bao lililokataliwa, na fundi baiskeli alikuwa amesimama na shuka lake shingoni, akiapa kwamba mwamuzi yule kalishwa. Alipomaliza aligeuka nyuma, akitafuta wa kumwunga mkono, kama desturi.

"Wewe unasemaje, Cheche? Hata kipofu si angeona?"

Lakini Cheche hakuwa ameingia bado. Alikuwa kule mwanzo wa barabara, akilipita duka la dawa, mkoba mgongoni. Baba alikuwa mlangoni, miwani juu ya paji la uso, akikung'uta taulo.

"Kamba!" alipaza sauti.

Cheche hakutazama chini kwanza ili kuhakikisha. Aliinama tu, akaifunga.